Mafunzo Niliyopata: Kutoka Nyamugari Hadi Maabara za Muhimbili

Nimelelewa Nyamugari, mtaa wa mji wa Gitega, katika nyumba iliyozungumza Kirundi na Kiswahili kwa pamoja. Baada ya shahada ya kwanza nilifanya kazi ya maabara upande wa Muyinga, kisha nikavuka mpaka kwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili ya parasaitolojia na entomolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wadogo zangu wa mtaani sasa wananiuliza jinsi ya kujiandaa kwa safari kama hiyo. Ushauri tunaopeana kabla ya kuondoka huwa juu ya nauli, kodi ya chumba na mahali pa kubadilisha faranga. Hayo yana maana, na baadhi yake nitayagusa. Lakini yapo mengine ambayo huamua kama mtu atasoma kwa moyo mkunjufu au kwa unyonge, na hayo ndiyo ninayoyajali zaidi.

1. Ondoka nyumbani na swali

Mtu anapotoka Gitega na kufika Upanga, akaona ukubwa wa Muhimbili, mashine za kusoma vinasaba na wenzake waliosoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, ni rahisi ajione amekuja mikono mitupu. Nimeiona hali hiyo kwa wengi wetu na ninaipinga kwa nguvu zangu zote. Mashine inafundishika. Kiingereza kinafundishika. Kilicho adimu katika utafiti ni swali lenye uzito, na milima yetu imejaa maswali.

Chukua malaria. Kimelea cha Plasmodium falciparum kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi ukomavu huo huzorota, na karibu na nyuzi 16 husimama kabisa. Kwa hiyo sehemu za juu za Burundi ziliishi muda mrefu zikiiona malaria kwa nadra, na kwa sababu hiyo hiyo inapopanda mlima huwaangusha wakubwa kwa watoto: miili haina kinga iliyojengwa kidogo kidogo kama ya watu wa mabondeni. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000 hadi 2001 mlipuko mkubwa ulizikumba Kayanza, Ngozi na Karuzi. Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko mwingine, baada ya mwaka 2016 kuripotiwa matukio zaidi ya milioni 8 ya ugonjwa katika nchi ambayo idadi yote ya watu wake haikuwa mbali na hapo. Barabara ya Gitega kwenda Muyinga inapita Karuzi. Aliyekuwa mtoto kando ya barabara ile mwaka 2001 ameishi ndani ya takwimu ambazo wenzake wa pwani huzikuta kwenye makala.

Halafu kuna suala la dawa, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi tangu nikiwa Muyinga. Burundi iliingia kwenye dawa mseto zenye artemisinini mwaka 2003, baada ya vimelea kuizoea klorokwini. Tanzania Bara nayo ilihamia kwenye dawa ya mseto mwaka 2006. Ubora wa mseto ni kwamba artemisinini hupunguza vimelea kwa kasi kubwa katika siku tatu za kwanza, na dawa mwenza inayokaa mwilini kwa muda mrefu humalizia waliobaki. Mwaka 2020 watafiti walichapisha ushahidi kutoka Rwanda wa badiliko la kinasaba liitwalo R561H katika jeni la kelch13, badiliko linalowafanya vimelea wachelewe kufa mbele ya artemisinini. Baadaye badiliko hilo hilo lilionekana mkoani Kagera, hasa Karagwe. Tazama ramani: Rwanda kaskazini, Kagera mashariki, na Muyinga kwenye kona ambapo nchi tatu zinakaribiana. Wafanyabiashara, vibarua wa msimu, wakimbizi wanaorudi na jamaa wanaotembeleana huvuka mpaka wa Kobero na Kabanga kila siku, na vimelea huvuka pamoja nao.

Nililiweka swali hilo mezani katika semina yangu ya kwanza: mlangoni kwetu hali ikoje? Hakuna aliyejali tena lafudhi yangu. Walitaka kujua habari za Muyinga, na mtu wa kuzieleza nilikuwa mimi. Kwa hiyo kabla ya kufunga sanduku, andika ukurasa mmoja juu ya ugonjwa uliouona mwenyewe kazini, unawashika akina nani, miezi gani, na ni jambo gani juu yake ambalo hakuna aliyeweza kukueleza.

2. Alama zako haziwezi kujieleza zenyewe

Hili ni dogo lakini linawaumiza watu. Kwetu alama hutolewa juu ya 20, na anayepata 14 amefanya vizuri kweli. 16 ni ya kusimuliwa. Msomaji aliyezoea asilimia ataigeuza 14 kuwa 70, na 12 kuwa 60, aone mwanafunzi wa kawaida tu. Tafsiri ya vyeti peke yake haitoshi. Omba chuo chako kikuandikie barua inayoeleza mizani ya alama, na ikiwezekana nafasi yako darasani. Anza mapema pia kufuatilia utambuzi wa shahada yako katika Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ni kweli kwamba mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, lakini karatasi bado zinapita dirisha kwa dirisha.

Kuna na koma. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 3,5 mahali ambapo wao wanaandika 3.5, na kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa huhifadhi majedwali kwa namna hiyo hiyo. Faili kama hilo likifunguliwa katika programu iliyopangwa kwa Kiingereza, safu nzima ya viwango vya hemoglobini inaweza kusomwa kama maneno badala ya namba, au koma ipotee na mgonjwa apewe hemoglobini ya 105. Badilisha mpangilio wa kompyuta yako siku ya kwanza, na ukipokea data kutoka Gitega au Bujumbura kagua koma kabla ya kukagua kitu kingine chochote.

3. Soma majedwali kwanza, maneno baadaye

Kiingereza cha makala za tiba kinatisha kwa mbali. Ukikikaribia utaona kinarudia miundo michache. Njia iliyonisaidia ni kuanza na majedwali na michoro, kujiandikia kwa Kiswahili au Kirundi kile ninachofikiri namba zinasema, ndipo nisome maelezo ya waandishi na kulinganisha. Ukifanya hivyo lugha inakuja ikiwa imeshikamana na maana, na unazoea pia kumhukumu mwandishi kwa namba zake badala ya kumeza hitimisho lake. Makala zenyewe zinapatikana: mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, hufungua maelfu ya majarida kwa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo. Muulize mkutubi nywila katika wiki ya kwanza.

Kiswahili cha Nyamugari nacho ni mali. Wodini na kliniki wagonjwa hawaongei Kiingereza. Mtoto wa Nyamugari hukaa kwenye benchi na mama aliyempakata mtoto mwenye homa, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, na kupata historia ya ugonjwa ambayo mtafiti wa kutoka mbali angehitaji mkalimani ili aipate nusu. Wataitambua lafudhi yako, watakuuliza umetoka wapi, na mara nyingi watakwambia wana jamaa Kigoma au Ngara. Mazungumzo hayo si kupoteza muda.

4. Mwili nao unahama

Gitega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam iko kwenye bahari yenyewe. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la unyevunyevu humfanya mtu wa milimani asinzie mchana akidhani ni uvivu. Soma alfajiri. Kunywa maji kabla ya kiu. Chagua chumba chenye madirisha mawili yanayopitisha upepo hata kama ni kidogo kuliko kingine.

Na ukipata homa, usijitibu kwa mazoea ya Muyinga. Kule homa huwa tunaifikiria malaria kwanza. Dar es Salaam ina historia ndefu ya kupambana na malaria, pamoja na mpango wa mjini ulioanza mwaka 2004 wa kuua viluwiluwi kwenye madimbwi, na sehemu nyingi za jiji ugonjwa umepungua sana. Lakini kuna dengue, iliyolipuka mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake, Aedes aegypti, huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikukingi ukiwa darasani au kibarazani. Kapime. Na epuka kumeza aspirini au dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni kabla ya kujua unaumwa nini, kwa kuwa kwenye dengue zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli ndiyo salama ukifuata kipimo chake.

5. Kabla ya kulipia chumba, uliza mvua ikinyesha utapitaje

Upanga ni ghali, hivyo wengi wetu hutafuta vyumba Magomeni, Kigogo, Ilala na zaidi ya hapo. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali hudai kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Fedha hiyo iandae ukiwa bado nyumbani, maana faranga ya Burundi haibadilishwi kirahisi ukishakuwa mbali na mpaka.

Jambo ambalo dalali hatakwambia ni Jangwani. Masika ya Machi hadi Mei yakikolea, bonde la Msimbazi hufurika, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi husimama. Kwa mwanafunzi wa sosholojia huo ni usumbufu. Kwa anayefuga vimelea kwenye chupa ni msiba, kwa sababu chupa ya falciparum inatakiwa kubadilishiwa maji yake ya chakula kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, kaa upande wa bonde ilipo maabara, au uwe na mwenzako wa upande huo mliyekubaliana kushikiana zamu.

6. Mheshimu fundi wa maabara

Profesa utamwamkia shikamoo bila kukumbushwa. Ninachokuomba ni kumwamkia kwa moyo huo huo fundi sanifu aliyekaa kwenye benchi ile tangu wewe uko shule ya msingi. Nilifundishwa mengi na mama mmoja wa makamo ambaye sote tulimwita Mama tu. Jioni moja, mwenzangu alipokuwa akiandaa sampuli za damu kwa ajili ya friji ya barafu kali, alimsogelea akasema, "Mwanangu, gawa kabla hujagandisha." Maana yake ni hii: sampuli inayogandishwa, ikayeyushwa, ikagandishwa tena, vinasaba vyake hukatikakatika. Ukiigawa mapema kwenye vichupa vidogo, kila kipimo kinatumia kichupa chake na vingine havisumbuliwi. Vitabu vinalisema jambo hilo. Yeye alilisema wakati ule ambapo lingeokoa kazi ya mwaka.

Msimamizi wako ana wodi, kamati, wanafunzi wengine na safari. Usimpelekee sura nzima ukimwomba aisome. Mpelekee ukurasa mmoja: nilichofanya, nilichopata, mambo mawili yanayohitaji uamuzi wake. Utajibiwa.

7. Idadi ya sampuli huamuliwa mwanzoni

Wanafunzi wengi wanaijua namba 384 kwa moyo. Inatoka kwenye hesabu ya kutafuta kiwango cha jambo katika jamii: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara kiwango unachokitarajia, mara kinachobaki hadi 1, gawanya kwa kipeo cha pili cha kosa unalolivumilia. Ukikadiria kiwango cha asilimia 50 na kuvumilia kosa la asilimia 5, jibu ni 384. Watu huinakili bila kujiuliza kama inawafaa.

Swali langu lilihusu badiliko la kinasaba ambalo huenda liko kwa vimelea wachache. Kama unatarajia asilimia 5, kuvumilia kosa la asilimia 5 hakuna maana, kwani utatangaza kwamba kiwango kiko kati ya sifuri na 10. Punguza kosa liwe asilimia 2, na hesabu ile ile inakupa sampuli 457. Tena hizo ni sampuli za wenye malaria iliyothibitishwa, ambazo maabara inafanikiwa kuzisoma, si za kila anayefika kituoni na homa. Ukizijumlisha na zitakazoharibika, unagundua kwamba kituo kimoja cha afya hakitoshi, kwamba msimu wa kukusanya ndio unaoamua kila kitu, na kwamba bajeti yako ya karatasi za kukaushia matone ya damu imepanda. Ni afadhali uyagundue hayo kwenye meza ya mtaalamu wa takwimu kabla ya kuomba ruhusa, ukiwa bado na nafasi ya kubadili mpango.

8. Ruhusa ni sehemu ya sayansi

Si mbali na Muhimbili, ufukweni, iko Hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ambayo leo ni taasisi ya saratani. Robert Koch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alifanya utafiti wa malaria mjini Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Miaka michache baadaye, mwaka 1906 na 1907, alikuwa katika visiwa vya Sese, Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye aseniki iitwayo atoksili. Dozi ziliongezwa, na baadhi ya wagonjwa walipofuka. Hawakuwa na kamati ya kuuliza kwa niaba yao, wala karatasi iliyowaeleza kwa lugha yao nini kingeweza kuwapata. Wanafunzi wa tiba wa Afrika Mashariki tunapaswa kuijua habari hiyo kabla hatujaanza kulalamika kwamba kamati ya maadili inachelewesha.

Na kweli itachelewa, hasa kama utafiti wako unagusa nchi mbili. Chuo kina kamati yake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina yake. Asiye Mtanzania anahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Ukikusanya damu Muyinga, kamati ya taifa ya maadili ya Burundi lazima iidhinishe kivyake, na sampuli haivuki mpaka bila mkataba unaosema ni ya nani, itafanyiwa nini na itateketezwa lini. Panga kazi zote hizo zikimbie sambamba tangu muhula wa kwanza.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kirundi cha mlimani, na mtu mwingine ambaye hajaiona ya awali airudishe kwenye Kifaransa ili ulinganishe. Kisha keti na mama mmoja ambaye hayumo kwenye utafiti, msomee, na umwombe akueleze alichoelewa. Akikwambia amekubali kwa sababu anadhani mtoto hatapewa dawa akikataa, fomu hiyo haijafaa hata kama kamati zote zimeipigia muhuri. Hapa sina subira na mtu anayetafuta njia ya mkato. Damu ile inatolewa na watu wenye kipato kidogo, kwa imani tu, na imani hiyo ndiyo itakayompokea au kumfukuza mtafiti atakayekuja baada yako.

9. Nyumbani wataomba usichoweza, nawe uwape unachoweza

Ukirudi likizo Nyamugari wataleta maumivu ya mgongo, shinikizo la damu la shangazi, karatasi za hospitali zilizokunjwa. Kwao umesomea tiba. Waeleze kwa upole kwamba shahada hii ni ya utafiti, kisha wasomee karatasi zile, waambie waende kwa daktari gani na waulize nini. Hilo liko ndani ya uwezo wako na linawasaidia kweli.

Zaidi ya hapo kuna deni la matokeo. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kukaa maktaba ya Upanga. Makala huenda kwenye jarida. Muuguzi wa kituo cha afya kilichokupa sampuli hatayaona yote mawili. Kwa hiyo ratiba yangu ya miezi ya mwisho ilikuwa na kazi mbili ambazo hakuna mwongozo wa tasnifu uliozidai. Ya kwanza ilikuwa ripoti ya kurasa mbili kwa Kifaransa kwa ofisi ya wilaya ya afya, ikiwa na jedwali moja na orodha ya vituo ambako wagonjwa walibaki na vimelea siku ya tatu ya dawa. Ya pili ilikuwa kikao cha Kirundi na wahudumu wa afya wa jamii, wale tunaowaita abaremeshakiyago, maana ndio wanaompima mtoto mlimani na kumpa kidonge cha kwanza. Waliuliza maswali makali kuliko ya wasahihishaji wangu: mtoto akitapika dozi ya pili, ahesabiwe amemaliza? Aliyerudi kutoka Ngara na homa, apimwe tena baada ya siku ngapi? Nimeyaandika yote. Mawili kati yake yamo kwenye pendekezo la utafiti ninaloliandaa sasa na wenzangu wa pande zote mbili za Kobero, na fomu zake za ridhaa tumeanza kuzijaribu kwa Kirundi na kwa Kiswahili cha Ngara.